Siku Niliyotembezwa Bangkok: Barua kwa Mwanangu

Pratunam, Bangkok
Jumatano usiku

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, nakuarifu kwamba sisi huku tu wazima, isipokuwa magoti ya shangazi yako, ambayo hayajawahi kupatana na ngazi za nchi yoyote. Mzigo wake wa nguo ulikamilika jana, na leo wafungaji wa marobota walisema hawahitaji mtu wa kuwasimamia, kwa hiyo yeye akajilaza chumbani na mimi nikaambiwa nitoke. "Miaka 26 unawatembeza watu Mji Mkongwe," alisema, "nenda na wewe siku moja ukatembezwe, uone wanavyoona." Nilimjibu kwamba sina haja hiyo, kisha nikashuka kimyakimya hadi mapokezi na kulipa. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mtalii kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nina mvi kichwani, kofia ya jua juu yake na chupa ya maji mkononi, nikifuata bendera ndogo ya njano katikati ya umati.

Nakuandikia usiku huu huu, kabla usingizi haujanipunguzia nilichokiona, kwa sababu leseni yako imekwisha kutoka na mwezi ujao utaanza kuchukua wageni wako mwenyewe. Vichochoro nimekufundisha, tarehe unazijua kuliko mimi, na Kiingereza chako kimenipita zamani. Lakini ipo sehemu moja ya kazi yetu ambayo sikuwahi kukueleza, kwa kuwa sikuwahi kuitazama kutoka upande wa anayesikiliza.

Tulikuwa wageni saba: mume na mke wa Uholanzi, wasichana wawili wa Kijerumani, bwana mmoja wa Korea na mwanawe, na mimi. Aliyetutembeza ni mama wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa bila kuipaza. Kitambulisho cha leseni kilining'inia kifuani pake, na kila kilipojigeuza alikirudisha kitazame mbele. Huku kazi ya kutembeza wageni imetengwa kisheria kwa raia wa Thailand peke yao, na mgeni hata akiijua historia ya mji kuliko wenyewe haruhusiwi kushika ile bendera. Nilidhani wenzetu wa Forodhani wangependa kulisikia hilo. Alituambia tumwite Phi, yaani kaka au dada mkubwa, maana Kithai nacho, kama lugha yetu, kinaona tabu kumwita mtu kabla ya kumweka katika ukoo. Wale wasichana akawaita nong, wadogo zake. Mimi aliponitazama ndevu aliniita lung, ambalo ni jina la kaka mkubwa wa baba au wa mama, na nikafurahi zaidi ya inavyompasa mtu wa umri wangu.

Garini alitusomea jina la mji. Bangkok, alisema, ni jina linalotumiwa na wageni. Wenyewe husema Krung Thep, mji wa malaika, na hilo nalo ni kichwa tu cha jina ambalo likiandikwa kamili kwa Kithai lina herufi 168. Alilitoa lote kwa mahadhi, macho yakitazama dirishani, kama mtoto wa chuoni anavyotoa alichohifadhi mbele ya mwalimu wake. Hakututafsiria neno kwa neno. Alitaja mawili matatu tu, akaacha mengine yabaki sauti, nami nikaona kwamba mimi ningeyatafsiri yote na kuwachosha.

Tulifika Kasri Kuu kabla ya saa tatu asubuhi. Mita chache kabla ya lango, mume na mke wa Uholanzi waliokuwa wamebaki nyuma walisimamishwa na bwana mmoja mwenye shati lililopigwa pasi, uso wa huruma, na bajaji ya rangi nyingi ikimngoja kando ya njia. Aliwaambia kwa upole kwamba kasri limefungwa leo kwa sababu ya ibada, lakini yeye kwa bei ndogo angeweza kuwapeleka kwenye hekalu lingine zuri, na baada ya hapo kwenye duka la vito ambako leo, kwa bahati njema, kuna punguzo la serikali. Mwanangu, nilisimama nikacheka peke yangu. Umbali wote ule, bahari yote ile, nami nimekutana na papasi, yule dalali wa watalii! Yule wa kwetu husema boti ya Prison Island haiendi leo isipokuwa ya shemeji yake. Huyu wa hapa hufunga kasri la mfalme kwa mdomo. Phi hakumgombeza. Alirudi nyuma, akamwamkia kwa viganja viwili vilivyokutanishwa, akawashika wageni wake mikono na kuwaambia, "Kasri liko wazi, ninyi wenyewe mnaona watu wanaingia." Baadaye nilimuuliza kwa nini hakumkemea, akasema bwana yule atakuwa palepale kesho na keshokutwa, na yeye pia.

Langoni walizuiwa wale wasichana wa Kijerumani, waliokuwa na kaptura fupi na mabega wazi. Sote tunajua ugomvi wetu wa kila siku wa wageni wanaopita Darajani na Malindi wamevaa nguo za ufukweni, watembeza wageni tukitazama pembeni kama hatukuja nao. Pale lango lenyewe ndilo linalosema: askari alionyesha picha ukutani, magoti na mabega yafunikwe, basi, hakuna aliyekasirika na hakuna aliyehubiriwa. Nje kuna wauzaji wa suruali pana za kitambaa chepesi zilizochapwa tembo, na Phi alikuwa amewatajia wasichana bei ya haki tangu garini, kwa hiyo walikwisha kujua cha kulipa. Mmoja alinunua suruali. Wa pili nilimpa ile leso niliyokuwa nimeifunga begani nijifute jasho, leso ya mama yako, naye akaivaa kiunoni siku nzima bila kujua maneno yaliyoandikwa pindoni. Sikumfasiria, maana unayajua maneno ya leso za mama yako.

Kiingilio kwa mgeni ni baht 500, na Mthai huingia bure. Ndani ya kuta zile, ambazo mzunguko wake ni mita 1,900, kuna mambo mengi kuliko macho ya siku moja. Kasri lilianza kujengwa mwaka 1782, mfalme Rama wa Kwanza alipouhamisha mji mkuu kutoka Thonburi, ng'ambo ya mto, miaka 15 baada ya jeshi la Burma kuuteketeza mji wao wa zamani wa Ayutthaya. Mapaa ni ya vigae vya kijani na rangi ya chungwa, ncha zake zimepindika kama kidole kinachoita. Majitu marefu yaliyopambwa kwa vioo, yenye meno nje na rungu mkononi, husimama mawili mawili kulinda milango. Jua linapopiga dhahabu ile mtu hupunguza sauti mwenyewe.

Hapo ndipo lipo hekalu la Budha wa Zumaridi, na hapo ndipo nilipoanza kumsikiliza Phi kama fundi anavyomtazama fundi mwenzake. Sanamu yenyewe ni ndogo, sentimita 66 tu, imewekwa juu sana chini ya mwavuli wa dhahabu, na wala si zumaridi bali ni jiwe la kijani la aina ya jedi, kipande kimoja. Mfalme mwenyewe huibadilisha mavazi mara tatu kwa mwaka, ya kiangazi, ya masika na ya baridi. Tulivua viatu, tukakaa sakafuni. Niliingia kama mgeni, si kama muumini, na nilikaa nyuma. Goti langu nalo, kwa kuwa magoti ni ya ukoo, lilinikaza, nikaunyosha mguu mbele. Askari akaja akanigusa bega na kuuonyesha, maana nyayo hazielekezwi upande wa sanamu. Niliukunja haraka kwa haya. Mimi ambaye kila siku huwaambia wageni wasivuke kizingiti cha msikiti na viatu!

Phi hakusema kitu humo ndani. Alisubiri hadi tulipotoka kivulini, kwenye ukumbi wa nguzo wenye michoro ya Ramakien, hadithi yao ya Rama, iliyochorwa ukutani kuuzunguka ua mzima, ndipo akatusimulia safari ya jiwe lile. Lilionekana Chiang Rai mwaka 1434, kwa mujibu wa tarehe zao, baada ya radi kuipasua stupa, mnara wao wa ibada, na lipu iliyolifunika kubanduka. Likakaa Lampang, likakaa Chiang Mai, likapelekwa Luang Prabang, kisha Vientiane, nchi ya Laos ya leo, ambako lilikaa zaidi ya miaka 200. Mwaka 1779 jenerali aliyekuja baadaye kuwa Rama wa Kwanza aliiteka Vientiane, na jiwe likaja nalo. Hapo alinyamaza kidogo, akasema hivi, nami nakuandikia kadiri ninavyokumbuka: "Mimi ni Mthai, na Wathai husema aliirudisha. Mkienda Vientiane mtaonyeshwa jengo lililokuwa hekalu lake, leo ni makumbusho na sanamu haimo, na mtembeza wageni wa kule atasema iliporwa. Ni siku ileile na jeshi lilelile."

Kisha akaendelea mbele na bendera yake. Hakutuambia lipi ni sahihi, na wala hakulificha lile la pili.

Nilibaki nyuma kidogo, mwanangu, kwa sababu nilikuwa nimekumbuka Mkunazini. Umekua ukinisikia nikiwashusha wageni katika vile vyumba vya chini karibu na kanisa, dari fupi, dirisha kama tundu, na mimi nikitaja idadi ya watu waliosongamana humo wakingoja mnada. Soko la watumwa lilikuwepo pale, hilo halina shaka, na lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba ambao sultani wetu Sayyid Barghash aliutia saini huku Waingereza wakimtishia kuifunga bandari kwa manowari. Lakini jengo lililo juu ya vyumba vile lilikuwa hospitali ya wamisionari, iliyojengwa baada ya soko kufungwa, na wako wanahistoria, wa kwetu hasa, wasiokubali kwamba mtumwa yeyote aliwahi kuwekwa mle. Nilijua. Kwa miaka mingi nimejua, na nilinyamaza kwa sababu wageni walipoinama chini ya dari ile walilia, na mgeni aliyelia hutoa bakhshishi nzuri. Ulipoanza kusoma utalii uliniuliza jambo hilo siku moja tukila, na mimi nikakuambia ule chakula kwanza. Jibu nililopaswa kukupa siku ile ni hili: ni kweli, vyumba vile vina shaka, na mgeni ana haki ya kuisikia shaka hiyo akiwa humo humo ndani. Watu waliouzwa Mkunazini walikuwepo na waliuzwa kweli, na mimi niliwaazima dari isiyo yao.

Turudi Bangkok. Katikati ya kasri lipo jumba la enzi liitwalo Chakri Maha Prasat, na ukilitazama kwa haraka unadhani macho yako yamechoka: kiwiliwili ni cha Ulaya, madirisha na nguzo na ngazi pacha za marumaru, kisha juu yake yamekaa mapaa matatu ya Kithai yenye minara iliyochongoka. Wenyeji hulitania kuwa ni farang aliyevaa taji. Farang ni Mzungu, neno ambalo ni ndugu wa lile Ifranji la Kiarabu. Mchoraji wake alikuwa Mwingereza, aliyeliagiza ni Rama wa Tano, na lilikamilika mwaka 1882. Nilipoisikia tarehe hiyo nilishika nguzo. Beit al-Ajaib ya Barghash, jumba lake la pale Forodhani, ni ya mwaka 1883! Wafalme wawili wa zama moja, kila mmoja ufukweni mwa maji yake, wakiyasikia mashua ya moto ya Ulaya yakipiga honi nje, na kila mmoja anajenga jumba la kuwaonyesha wanaokuja kwamba hapa nako pana mtu. Lao limesimama, limepakwa rangi, askari wa gwaride mlangoni. Letu nililiona kwa macho yangu siku ile ya Desemba 25, 2020, upande mmoja ulipoporomoka pamoja na mnara wa saa, na kila nikipita Forodhani bado naangalia juu nikitafuta saa.

Bwana wa Kiholanzi alimuuliza Phi kama ni kweli Siam, yaani Thailand kwa jina lake la zamani, haikuwahi kutawaliwa. Swali hilo, nadhani, wanaulizwa kila siku, na jibu la fahari liko tayari mdomoni: ndiyo, hatukutawaliwa. Lakini yeye alitugeuza, akaturudisha ua wa juu wa hekalu tulikotoka, kwenye mfano mdogo wa Angkor Wat, hekalu la kale la Kambodia, uliochongwa kwa mawe, minara yake inafika kiunoni pa mtu au zaidi kidogo. Mfano huo, alisema, uliagizwa na Rama wa Nne, wakati nchi ya Angkor yenyewe ilikuwa chini ya Siam. Kisha akahesabu kwa vidole. Mwaka 1893, ardhi ya mashariki ya mto Mekong ikaenda kwa Wafaransa. Mwaka 1907, Battambang na Siem Reap, na Angkor ndani yake, zikaenda kwa Wafaransa. Mwaka 1909, Kedah, Kelantan, Terengganu na Perlis zikaenda kwa Waingereza. "Hatukutawaliwa," alisema, "na hiki ndicho tulicholipa. Na hao tuliowatoa, nao hawakuwa wetu tangu Adamu." Akakigusa kile kijimnara cha Angkor, akatuachia tupige picha.

Nikawaza sultani wetu aliyepimiwa mwambao wake mwaka 1886 na kuachiwa ukanda wa maili 10, na miaka minne baadaye visiwa vyenyewe vikawekwa chini ya kile kilichoitwa ulinzi. Sikusema kitu. Nilikuwa mtalii.

Usidhani alisema kila kitu. Mtoto wa Kikorea aliuliza swali moja la kitoto kuhusu mfalme wa sasa, na Phi alitabasamu, akasema nchi yao ina sheria kali sana juu ya maneno kuhusu ufalme, kisha akamwonyesha paka aliyelala juu ya ukuta. Nililiheshimu hilo kuliko kama angebuni jibu tamu. Alituambia pana mlango, na kwamba yeye haufungui.

Wat Pho iko mwendo mfupi kusini mwa kasri, na sitakuchosha nayo, ingawa wengi huisifu kuliko yote. Budha Aliyelala ana urefu wa mita 46, jengo limembana kiasi kwamba humwoni mzima kamwe, unamwona kwa vipande katikati ya nguzo: sikio, kiwiko, halafu nyayo zilizonakshiwa alama 108 kwa magamba ya chaza yanayong'aa. Kilichonikaa masikioni ni mlio. Ukutani nyuma yake kuna vibakuli 108 vya shaba, na watu hutembea wakidondosha sarafu moja moja, kwa hiyo ukumbi mzima unalia kama mvua ya kwanza juu ya mabati. Nje kuna mabamba ya mawe yaliyochongwa elimu ya uganga na ukandaji wa mwili, maana Rama wa Tatu aliona elimu ikiandikwa ukutani haifungiwi sandukuni na mtu. Mke wa Mholanzi alikandwa miguu nusu saa, akatoka anatembea kama bibi harusi.

Mchana tulivuka mto kwa kivuko kutoka Tha Tien. Mto Chao Phraya una rangi ya chai ya maziwa na una haraka. Mabelewa makubwa yanavutwa na tishari dogo lisilolingana nayo, magugu maji yanapita kwa mafungu kama visiwa vinavyohama. Ng'ambo ndiko iliko Wat Arun, hekalu la alfajiri, mnara mrefu uliozungukwa na minara midogo minne, na kutoka mbali unauona mweupe mweupe, kama uliojengwa kwa chumvi.

Ukiusogelea, mwanangu, ni vyombo. Ni sahani, ni visosa, ni bakuli, ni vikombe vya kaure vya Kichina, vilivyovunjika na vizima, vimepachikwa kwenye lipu kuanzia chini hadi mahali macho yanaposhindwa. Niliweka uso karibu na ukuta hadi pua ikagusa. Mbele yangu palikuwa na ua moja: moyo wake ni kitako cha kisosa, ile duara mbichi isiyopakwa rangi ambayo chombo hukalia, na petali zake ni vipande vya sahani vilivyokatwa vikawa mviringo, kimoja kikiwa bado na nusu ya jani la buluu lililochorwa na mkono wa mtu China, mtu ambaye jani lake lilimalizikia pale ufa ulipopita. Sehemu ya mapambo haya, Phi alisema, ilikuja katika majahazi ya Wachina kama farumi, mzigo wa kutuliza chombo majini, pamoja na zile sanamu za mawe zinazosimama nyuani. Kilichokuwa uzito wa tumboni mwa jahazi kikapandishwa mnarani.

Hapo nilishindwa kuendelea kuwa mtalii. Unakumbuka nilikupeleka Kunduchi ulipokuwa darasa la sita, tukaenda kuyaona yale makaburi ya nguzo, na ukaniuliza kwa nini marehemu wamewekewa bakuli ambazo hazina chakula? Ni bakuli hizihizi. Wazee wetu nao walipokea kaure kutoka bahari hiyohiyo, wakaipachika kwenye nguzo za makaburi, wakaipanga katika zidaka za sebule za Lamu, kwa kuwa ni kitu kilichotoka mbali na kinang'aa mwezi ukitoka. Nilimwambia Phi. Nilimchorea nguzo kwa kidole hewani, na tundu ambamo bakuli hukaa, na jinsi nyingi zilivyong'olewa na wezi zikabaki alama za duara. Alinisikiliza hadi mwisho, akatoa daftari dogo mfukoni na kuniomba nimwandikie jina. Niliandika: Kunduchi. Ndipo akaniuliza kazi yangu.

Ziara iliishia hapo, wenzetu wakachukuliwa na gari. Mimi nilikuwa nimemuuliza asubuhi habari za msikiti, na kumbe hakusahau: alisema boti ya bendera ya rangi ya chungwa itanishusha gati ya Oriental, na Masjid Haroon iko nyuma ya barabara kidogo tu, kisha akaongeza kwamba yeye hurudi kwake kwa boti hiyohiyo. Konda wa boti ni dada mwenye mkebe mrefu wa chuma uliojaa sarafu na tiketi, naye huupiga kifuniko ka-ka-ka mbele ya kila abiria asiyelipa, mlio uleule wa konda wa daladala anayechezesha shilingi kiganjani. Nyuma kijana mwenye kamba humpigia nahodha filimbi za aina aina, moja ya kusogea, nyingine ya kurudi, na boti inaegeshwa kwa masikio.

Katikati ya filimbi hizo Phi alisema, "Haya lung, sasa mimi ni mgeni wako. Nitembeze Zanzibar mpaka gati ya Oriental." Nikajiweka sawa, nikasafisha koo, na maneno yaliyotoka kwanza kinywani mwangu, baada ya miaka 26, yalikuwa haya: mji wetu ndiko alikozaliwa Freddie Mercury, yule mwimbaji, na nyumba yake wageni wote hupenda kuiona. Alifurahi, alimjua. Akauliza, "Nyumba yenyewe ni ipi?"

Unajua mwenyewe mlango tunaouonyesha si mmoja. Nilinyamaza, akacheka, nikacheka, na yule dada wa mkebe akatutazama. Kisha nikaanza upya, na safari hii nilianza na bakuli: pepo za kaskazi zinazoleta majahazi na za kusi zinazoyarudisha, Darajani palipokuwa na maji kabla ya kuwa na soko, Mkunazini, nikamwambia na habari ya vile vyumba, yote mawili. Sikuwa nimefika mbali tulipofika gati. Alinishika mkono kwa viganja vyote viwili, akasema anangoja mwisho wake.

Alasiri niliipata Masjid Haroon kwa jamaa, safu mbili za wazee na vijana wa dukani, na baada ya sala mzee mmoja aliniuliza kwa ishara natoka wapi, nikasema Zanzibar, akafikiri kidogo na kusema "Afrika," akaridhika. Kichochoroni nililishwa khao mok gai, wali wa manjano na kuku, ambao ni biriani iliyosafiri ikabadilisha lafudhi. Pilipili yao usiijaribu.

Ndege yetu ni Ijumaa, inshallah, na Jumapili asubuhi nitakuwa sina kazi. Nataka unitembeze. Tuanze Forodhani saa mbili, tuishie Mkunazini, nami nitavaa kofia yangu ya jua na kukulipa bei ya mgeni, na humo ndani ya vyumba nitakaa kimya nisikie utakavyosema. Mwambie mama yako leso yake imerudi salama, ila ina harufu ya mafuta ya jua ya Kijerumani. Shangazi yako ananiambia niongeze kwamba lile gauni ulilomtumia picha yake limekwisha madukani, rangi ya zambarau haipo, amekuchukulia la kijani na hataki maneno.

Baba yako